Viti Viwili vya Makambako

Mlipokuja kunipokea mkaniuliza safari ilikuwaje, niliwajibu "salama tu" nikageukia sufuria. Mama Tumaini akasema Dar imenifundisha maringo. Si maringo, jamani. Mdomo ulikuwa mzito. Sasa nimeandika, msomeane mkiwa pamoja, maana sitaki kusimulia mara mbili. Habari za mjukuu nitawapa kwa mdomo: mtoto mzima, mashavu kama maandazi, na Stela ananyonyesha vizuri. Hapa ni habari za basi.

Ubungo hadi Morogoro

Mnanijua. Mimi kwenye basi silali, nasikiliza. Wengine wananunua gazeti la kusoma njiani. Gazeti langu mimi ni watu. Hatujafika hata Kibaha nilikuwa nimeshajua habari zote za jamaa mmoja wa mahindi aliyekaa upande wa pili. Alikuwa anapiga simu Zambia kwa kile Kibemba chetu cha mpakani, salamu za Kibemba, ugomvi kwa Kiswahili. Lori lake limekwama Nakonde, mteja kakimbia, na mke wa mteja anadai hamjui mumewe. Basi zima tulikuwa tunamsubiri amalize ili tujue mwisho wake.

Pembeni yangu alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mchangamfu, ameshika kikapu mapajani. Alinisalimia shikamoo kabla sijamwangalia. Akaniambia anaitwa Mama Eliza, Msambaa wa Bumbuli, ameolewa na Mnyiha wa Igamba, fundi seremala anayeitwa Ezekia. Wanaishi Mbagala. Mume alikwenda kwao kusaidia kuvuna kahawa, tumbo likamshika huko huko.

"Ila ana nafuu, mama," aliniambia. "Hawa nyuma yetu ni shemeji yangu Yaredi na wifi yangu Lainesi. Wamenipitia alfajiri, wakasema ana nafuu ila ananitaka, simu yake tu haina chaji. Mwanaume akiumwa anakuwa mtoto, si unajua."

Nikacheka, nikamwambia najua sana. Nikamuuliza Eliza mwenyewe yuko wapi. Akasema kamwacha kwa jirani, ana shule, wa nini kumsumbua mtoto kwa tumbo la baba yake.

Hawakuniuliza mimi natokea wapi, nami sikusema. Nilikuwa nimevaa gauni la Stela, nina pochi ya Stela, kwa kuniangalia ungedhani mimi ni mama wa Kinondoni. Mama Eliza alinipa chungwa. Basi nikiwa namenya lile chungwa, tunaiacha Chalinze, ndipo nikaanza kuwasikia wa nyuma wakizungumza Kinyiha. Mimi Kinyiha nimekinyonya Vwawa, nyie mnajua. Hata mtu akinong'ona nakisikia.

Lainesi alisema mwili umeshaoshwa na kuvalishwa suti ya harusi. Yaredi akamwambia anyamaze. Lainesi akasema hawezi, koo linamuuma. Yaredi akasema, wazee wamekubali kumngoja mke mpaka kesho saa nane mchana, zaidi ya hapo hawawezi, maana ile zahanati haina pa kuhifadhi na marehemu amekaa ndani tayari. "Leo usiku tunafika," alisema. "Atamwona. Atamuaga mumewe. Wewe jikaze mpaka tushuke Mlowo, basi."

Loh! Kipande cha chungwa kilinikaa mdomoni. Mama Eliza akaniuliza, "Mama, ni chachu?" Nikasema hapana, tamu.

Morogoro hadi Mikumi

Sasa msije mkasema kwa nini sikumwambia. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa njiani, na hakuna kati yenu asiyejua hivyo. Mimi mwenyewe nilipomleta dada yangu kutoka Tabora kuja kumzika mama yetu, nilimwambia mama kavunjika mguu. Mtu anaambiwa akishafika, nyumba imejaa watu wa kumshika, kuna mkeka wa kumlaza na maji ya kumnywesha. Unamwambiaje mwanamke kwenye kiti cha basi mumewe amekufa? Anaangukia wapi? Nani atamlegeza nguo kifuani? Ndivyo tulivyolelewa, na siku zote nimeona ni huruma.

Kwa hiyo nikala lile chungwa lote.

Mikumi basi lilisimama kwa chakula. Mama Eliza aliagiza wali na maharage, akaagizia na wifi yake. Lainesi akawa anausogeza wali huku na huku kwenye sahani, macho mekundu.

"Wifi, una nini wewe?"

"Jino," alisema Lainesi.

Haya, Mama Eliza akaanza kupekua kikapu. Akatoa karafuu kwenye karatasi, akampasulia moja kwa meno yake, akamwambia afumbe mdomo na asiongee. Lainesi aliibana ile karafuu huku machozi yanamtiririka, na mwenzake anampapasa mgongo, "Pole wifi, jino ni baya kuliko uzazi." Mimi niliacha pilau yangu nusu. Mnajua mimi siachi pilau.

Nilimkuta Yaredi kwenye bomba la kunawia. Nikamsalimia kwa Kinyiha. Jamani, yule baba alibaki na sabuni mkononi kama aliyepigwa na shoti ya umeme.

"Mama, umesikia?"

"Tangu Chalinze. Poleni sana."

Aliangalia chini, akasema, "Ni mdogo wangu wa mwisho. Mama, nakuomba..."

"Huna haja ya kuniomba, mwanangu. Na mimi ni wa huko huko."

"Basi kaa naye, mzungumze. Akinyamaza anageuka ananiangalia usoni, na mimi uso wangu huu unanisaliti."

Nikamwambia nitakaa naye. Nilijiona mtu mwema kabisa.

Mikumi hadi Iringa

Nilizungumza mpaka kidevu kikachoka. Nilimsimulia Stela, mkwe, mjukuu, bei za vitenge, nyumba yangu iliyoezuliwa na upepo. Yeye alikuwa anataka habari moja tu.

"Mama, huyu shemeji kaniambia na wewe ni Mnyiha. Nyie kwenu mgonjwa wa tumbo mnampa nini?"

Nikamwambia uji wa ulezi, mwepesi, bila sukari nyingi.

"Na supu?"

Supu pia, nikasema, ya kuku wa kienyeji, tumbo likishatulia.

Basi tulipofika Ruaha Mbuyuni akanunua vitunguu vya supu. Alivichagua dirishani kimoja kimoja, anavibonyeza, anarudisha vilaini, huku yule muuzaji anakimbia pembeni ya basi. Yaredi kutoka nyuma alisema, "Shemeji, vitunguu hata Igamba vipo." Akamjibu, "Vya kununuliwa na mkewe havipo." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kicheko cha kuonyesha meno tu.

Halafu akaniomba nimfundishe Kinyiha. Alisema miaka yote ya ndoa anajua salamu tu, na mumewe humtania kwamba akienda ukweni anakuwa bubu. Safari hii anataka kumshtua. Anataka aingie chumbani aseme kwa Kinyiha, "Nimefika, amka ule."

Ningefanya nini? Nilimfundisha. Alirudia na lafudhi yake ya Usambaani, ananikosea, namsahihisha, anarudia tena. Tulipanda Kitonga yote hivyo, basi linaunguruma kwenye zile kona, malori yametutangulia, na yeye anasema kwa sauti, nimefika, amka ule, nimefika, amka ule. Nyuma yetu Lainesi alijifunika khanga usoni. Mama Eliza alipogeuka akaninong'oneza, "Lile jino halijatulia kabisa, maskini."

Nawaambia ukweli, pale Kitonga nilianza kumchukia Yaredi. Nikajichukia na mimi. Lakini nikajiambia, usiku tutafika, atamwona, yatakwisha.

Iringa hadi Makambako

Iringa walipanda mama mmoja mtu mzima na binti yake. Yule mama alikuwa amejifunga khanga nyeusi kiunoni, haangalii mtu. Binti alitueleza bila kuulizwa. Baba yake amefia hospitali ya Iringa, mwili umetangulia Chimala kwenye gari dogo, nafasi zikachukuliwa na wanaume, wao wakaambiwa wafuate kwa basi. Mazishi asubuhi ya kesho. Wote tukawapa pole. Mama Eliza alitoka kitini kwake akaenda kumshika yule mjane mkono, akarudi anafuta macho.

"Mungu wangu," alisema. "Mimi hata sijui ningefanyaje."

Tulipita Mafinga vizuri. Mbele kidogo harufu ya moto ikaingia ndani, dereva akaegesha, moshi mweupe puu! Rejeta. Wakamwaga maji, tukatembea kidogo, tukasimama, wakamwaga tena. Mpaka tunaingia Makambako jua lilikuwa linaelekea kushuka, na ule upepo wao wa baridi unakata masikio. Dereva akasema gari haliendi tena. Spea inatoka Iringa kesho asubuhi, tulale humu humu.

Yaredi aliruka chini akaanza kusimamisha kila gari. Malori yanapita, mabasi yamejaa. Mwisho basi moja la Mbeya likasimama, konda akaning'inia mlangoni.

"Viti viwili! Viwili tu, sisimamishi mtu, kuna trafiki huko mbele!"

Yaredi alishanyakua begi la Mama Eliza. "Shemeji, panda na Lainesi. Haraka. Mkifika Mbeya mtapata gari, nitawakuta."

Akapanda. Nasema akapanda, niliona kwa macho yangu, mguu mmoja uko juu ya ngazi, kikapu mkononi. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ndipo yule binti wa Chimala akafika mbio, anamvuta mama yake.

"Kaka yangu, tunazika kesho asubuhi! Tusaidie!"

Yule jamaa wa mahindi akapaza sauti, "Wapisheni wafiwa jamani! Wafiwa kwanza!" Na watu wote wakaitikia, wafiwa, wafiwa. Walisema kweli, kwa walivyojua wao.

Mama Eliza akateremsha mguu.

Yaredi alimshika mkono. "Shemeji, panda. Nakwambia panda!"

"Shemeji, huyu mama anaenda kumzika mumewe."

"Na wewe mumeo ni mgonjwa!"

"Si mmesema ana nafuu?" Alimshangaa. "Mgonjwa mwenye nafuu atanisubiri mpaka kesho. Huyu asipowahi hamwoni tena maisha yake yote."

Yaredi alifungua mdomo. Nilimwona. Mdomo uko wazi, shingo imetoka mishipa, na neno haliji. Watu wanamwangalia kwa ubaya, mwanaume gani huyu anawanyima wafiwa kiti. Lainesi alikuwa ameshageukia ubavu wa basi. Mimi nikasogea, nikasema, "Mwanangu, nenda wewe. Nisikilize mimi mama yako, panda."

"Kwa nini, mama?"

Aliniuliza vizuri tu, ananitazama usoni, anangoja jibu. Nami nilikuwa nalo. Konda anapiga bati, dereva anakanyaga mafuta, upepo unavuma, na hapo hakuna nyumba, hakuna mkeka, hakuna ndugu. Nikasema, "Basi tu."

Alitabasamu. Akamsukuma yule mjane juu kwa mikono yake, akampa binti vitu vyake dirishani, na basi likaondoka. Yaredi alichuchumaa kwenye tairi la basi letu akashika kichwa. Mama Eliza akamwendea.

"Usinikasirikie, shemeji. Hata Ezekia angekuwepo hapa angefanya hivi hivi."

Makambako hadi Mlowo

Usiku ule sina la kusimulia. Tulikaa vitini tumejikunyata, hakuna gari jingine lililosimama. Asubuhi spea haikuja mapema. Simu ya Yaredi ilizimika kwa kukosa chaji, nikampa yangu, akawa anazunguka uwanjani anatafuta mtandao ameinyanyua juu. Alipowapata wazee walisema watangoja watakavyoweza.

Mama Eliza alitununulia chai na mihogo. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetenda jema, na kwa nini asiwe nayo? Kila mtu kwenye basi alimpenda. Yule jamaa wa mahindi alimwita shujaa, akamletea soda.

Tuliondoka jua likiwa limeshapanda sana. Chimala tuliona watu wengi wamekaa chini ya turubai, mbali kidogo na barabara. Mama Eliza akashika dirisha kwa mikono miwili.

"Ni pale! Mama, ni pale. Yule mama kawahi. Namshukuru Mungu."

Mimi nilikuwa naangalia jua tu, na saa ya dereva kule mbele, na malori ya Zambia yanayotambaa mbele yetu. Inyala nilikuwa nalisukuma basi kwa miguu yangu sakafuni. Uyole simu yangu ikalia, namba ya Igamba. Nikampa Yaredi juu ya kiti. Alisikiliza muda mrefu. Akasema haya, haya baba, akanirudishia. Kwa Kinyiha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wameshindwa kungoja. Wamezika.

"Wanasemaje?" aliuliza Mama Eliza.

"Wanasema tusiwe na haraka," alijibu shemeji yake.

"Si mnaona? Na mlivyokuwa mnahangaika."

Akajiegemeza, akalala usingizi. Alilala begani kwangu mpaka tunapita Mbalizi, mpaka tunapanda milima ya Mbozi, na mimi sikusogea.

Mlowo

Pale njia panda ya Igamba walikuwa wanangoja kina mama wa kwao, khanga viunoni, vichwa vimefungwa. Niliteremka naye. Konda akanipigia kelele, mimi nikamwambia atulie. Mama Eliza alishuka na kikapu chake, akaangalia huku na huku, akawaona, akaanza kutabasamu ili asalimie. Hawakumsalimia. Walikuja wawili wakamshika, mmoja kila upande, wakamtia mikono kwapani.

"Mbona mnanishika? Amelazwa? Yuko hospitali?"

Wakazidi kumbana. Akawaangalia viuno. Akamwangalia Lainesi, ambaye alikuwa ameshakaa chini kwenye vumbi analia kwa sauti ile aliyoibeba kutoka Dar. Hapo akaelewa, akaporomoka. Wakambeba, wakamweka kwenye kibaraza cha duka, wakampepea. Tuliyoyaandaa yote yalikuwepo. Watu wa kumshika, mkeka, maji.

Alipopata pumzi alimuuliza Yaredi, "Lini?"

"Kabla hatujatoka Dar."

"Yuko ndani? Nipelekeni nikamwone."

Yaredi alilia. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyemwambia kwamba wamezika mchana huu huu, na dada mkubwa wa Ezekia ndiye aliyesimama kaburini mahali pa mke, akaweka udongo kwa niaba yake.

Hakupiga kelele. Nilidhani atapiga kelele, nikawa nimejiandaa. Alisema polepole, "Shemeji, ungenitukana pale Makambako. Ungenipiga kofi mbele za watu ukanitupa ndani ya lile gari. Ningekusamehe."

Halafu akageuza macho kwangu. "Na wewe mama? Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Hata pale nilipokuuliza?"

"Hata pale."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeelezwa njia. Basi lilikuwa linapiga honi. Akaniambia, "Haya mama, usije ukaachwa. Safari njema." Kwa adabu zote, kama alivyonisalimia Ubungo.

Mlowo hadi Tunduma

Nilipanda, nikakaa, kiti cha pembeni kitupu. Yule jamaa wa mahindi aliniuliza yule dada mgonjwa wake kaamkaje. Nikamwambia alichosababisha, nikamwambia na nilichosababisha mimi, na abiria waliobaki wote wakasikia, tukaingia hapa kwetu Tunduma kwenye foleni ya malori.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu, na hili ndilo nililolikalia kuandika. Baba Stela mnamwona, kifua kile hakiponi. Stela yuko Dar na kale katoto. Mimi bado nitakwenda na kurudi. Likitokea jambo nikiwa njiani, msiniletee mguu uliovunjika, wala tumbo, wala nafuu. Nipigieni simu mniambie jina la aliyekufa na siku ya kuzika. Hata kama niko kwenye foleni ya choo Mikumi, niambieni. Nitaanguka. Waacheni watu wasionijua wanitazame nikianguka, halafu wanipakie kwenye gari la kwanza linalopita.